Darasa moja, vichwa arobaini: namna ya kubadilisha ufundishaji bila kumbandika mtoto lebo

Walimu wenzangu, swali hili linarudi kila siku, kwamba darasani kuna anayeelewa akiona picha, kuna anayeelewa akisikiliza, na kuna yule mpaka ashike kitu kwa mikono yake, sasa mimi mmoja nitawafikiaje wote? Ntaeleza ninavyofanya mimi, ila kuna jambo tuliweke sawa kwanza maana wengi tunaanzia pabaya.

Ile ya kumpa mtoto dodoso afu unamwambia wewe ni wa kuona, wewe ni wa kusikia, achana nayo. Najua wengi tumefundishwa hivyo, yale makundi manne ya kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda yalienezwa na Neil Fleming kule New Zealand mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walizipitia tafiti zilizokuwepo wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtoto akifundishwa kwa "mtindo wake" anaelewa zaidi. Watoto wana njia wanazozipenda, hilo kweli kabisa, ila kupenda ni kitu kimoja na kuelewa ni kitu kingine. Afu lebo inaumiza jamani, kijana ukishamwambia yeye sio mtu wa kusoma, kitabu ndo kakiaga hapohapo.

Sasa wanatofautiana wapi? Wanatofautiana kwenye kile wanachokijua tayari, kwenye lugha ya kufundishia, kwenye kasi, kwenye kujiamini, na wapo wasioona vizuri ubaoni au wasiosikia vizuri na hakuna aliyegundua (huyo wala usimhesabu kwenye mitindo, huyo anahitaji msaada, msogeze mbele na ongea na wazazi wake mapema). Hapo ndo pa kubadilika.

Mimi kabla ya mada mpya nawapa karatasi na swali moja tu, dakika tano, hakuna maksi. Juzi kwenye hesabu za sehemu niliwaandikia nusu jumlisha theluthi moja. Binti mmoja anaandika vizuri, daftari safi, kaleta 2/5, kajumlisha namba ya juu na ya juu, ya chini na ya chini. Ningemuuliza anajifunzaje ningepata jibu lisilonisaidia kitu, lakini ile 2/5 iliniambia kila kitu, yaani kwake 1/2 ni namba mbili zilizobebana, sio kiasi cha kitu.

Basi nikachukua vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, kimoja nikamwambia akunje katikati, kingine akikunje kigawanyike vipande vitatu sawasawa. Akakata nusu, akakata theluthi, akavipanga mstari mmoja kwenye meza, pembeni nikaweka karatasi nzima isiyokunjwa. Nikamuuliza, umeanza na nusu, ukaongeza kitu juu yake, je inawezekana jibu liwe dogo kuliko nusu? Akatazama karatasi, akatazama daftari lake, akanyamaza muda mrefu kidogo, afu akasema mwalimu, 2/5 haijafika nusu. Hapo ndo tukaikunja ile nzima ikawa vipande sita sawasawa, nusu ikachukua vipande vitatu, theluthi viwili, jumla vitano kati ya sita, na ndipo tukaandika hesabu yenyewe ubaoni, 3/6 + 2/6 = 5/6.

Angalia kilichotokea pale, ameshika, ameona, ameongea, ameandika, vyote kwenye somo moja, na darasa zima nililipitisha njia hiyohiyo, sikuwatenga wa karatasi huku na wa ubao kule. Na njia inachaguliwa na somo lenyewe. Ramani lazima ionekane, huwezi kuisimulia ikaeleweka, matamshi ya lugha lazima yasikike, jaribio la sayansi lazima mikono iingie. Kwahiyo ukiandaa somo jiulize hiki kitu kinaonekanaje vizuri zaidi, afu tafuta njia ya pili ya kukionyesha kwa yule ambaye ya kwanza haikumwingia.

Kingine ni ukimya. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliwachunguza walimu wa sayansi Marekani akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde moja tu, na walipoongeza mpaka tatu au zaidi majibu yakawa marefu na wanaojibu wakawa wengi. Hesabu moyoni moja, mbili, tatu kabla hujamchagua mtu. Wale wanaoitwa wazito, wengi wao walikuwa bado wanafikiri wakati wewe ushampa mwingine nafasi.

Kwenye kuonyesha kwamba wameelewa, legeza pia, mmoja aandike, mwingine aeleze kwa mdomo, mwingine achore mchoro na auelezee, mradi kipimo ni kilekile. Ila kama lengo ni kuandika insha basi wote waandike, yule anayepata shida mpe sentensi za kuanzia, usimwondolee kazi.

Na wote, bila kujali wanapenda nini, waulizwe maswali ya jana bila kufungua daftari. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka ndo walikuwa mbele. Dakika tatu tu za mwanzo wa kipindi zinatosha.

Akibaki mmoja bado amekwama usimrudishie maelezo yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. Kaa pembeni yake, mpe kalamu, mwambie nionyeshe unavyofikiri kuanzia mwanzo, afu nyamaza mpaka afike pale anapopotea.