Mambo ya Kuzingatia Kabla Maambukizi Hayajaingia Katika Makao ya Wazee

Virusi vya korona viliposambaa katika makao ya wazee ya Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, mwezi Februari 2020, wachunguzi walibaini kwamba baadhi ya wahudumu walikuwa wameendelea na kazi wakiwa na dalili, na wengine walishika zamu katika zaidi ya kituo kimoja. Ndiyo maana jambo la kwanza la kupangwa, kabla hata ya kuhesabu glavu, ni likizo ya ugonjwa yenye malipo, kwani mhudumu ambaye siku ya kulala nyumbani humkata mshahara atameza vidonge vya homa na kuingia zamu.

Hesabu ya vifaa ifuate kazi ilivyo. Tangu Aprili 2024, makao ya Marekani yanayolipwa na Medicare au Medicaid, mipango ya bima ya afya ya serikali, hutakiwa kuwavalisha wahudumu joho na glavu wanapomwogesha au kumbadilisha nepi mkazi mwenye kidonda sugu au mpira wa mkojo, hata asipojulikana kuwa na maambukizi; majoho, basi, huisha upesi kuliko wengi wanavyokadiria. Barakoa za N95, zile za kuchuja chembe ndogo za hewani, nazo hazifai kusubiri dharura zikiwa stoo, kwa sababu kila mvaaji lazima apimwe kwanza kama inamkaa sawasawa, na kipimo kirudiwe kila mwaka. Ndevu huacha upenyo.

Mafunzo yatilie mkazo kuvua kuliko kuvaa, maana hapo ndipo uchafu huhamia mwilini. Glavu ya kwanza hushikwa kwa nje na kuvutwa hadi igeuke, ikabaki kwenye kiganja chenye glavu. Kisha kidole kitupu hupenyezwa chini ya ukingo wa ile ya pili na kuivua juu ya mwenzake. Hufuata miwani, halafu joho, likikunjwa upande mchafu ndani. N95 huvuliwa mwisho, mtu akishatoka chumbani na kufunga mlango, kisha mikono hutakaswa. Pale penye kuhara kunakoletwa na bakteria wa utumbo aitwaye Clostridioides difficile, sabuni na maji yanayotiririka ni lazima, kwa kuwa kitakasa cha alkoholi hakiui spora zake, yaani hali yake yenye ganda gumu.

Mwisho, mzee mgonjwa huenda asipate homa kabisa, bali akachanganyikiwa ghafla au akakataa chakula, na anayeliona hilo kwanza ni yule anayemlisha. Iamuliwe mapema mhudumu huyo atampigia nani simu saa nane za usiku, na funguo za stoo zitakuwa kwa nani.