Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi: namna ya kujilinda katika kampuni yenye uongozi mbovu

Mfanyakazi aliyechoshwa na uongozi mbovu huamka na wazo moja tu, la kuandika barua ya kuacha kazi, kuiweka mezani kwa bosi na kuondoka. Naielewa hamu hiyo, kwa kuwa niliishi nayo karibu miaka miwili katika kampuni moja jijini Dar es Salaam, ambako meneja alituma maagizo kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, kisha kesho yake akauliza mbele ya watu wote ni nani aliyeruhusu jambo aliloliagiza mwenyewe. Hata hivyo, barua ya hasira humfaa mwajiri zaidi, kwa sababu aliyeacha kazi kwa hiari yake hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali.

Anza kwa kutenganisha kero na uvunjaji wa sheria. Upendeleo, majungu na makelele ya bosi huumiza, lakini ni vigumu kuyadai popote. Saa za kazi ni jambo jingine: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, ikataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na ikatoa siku 28 za likizo ya mwaka. (Vifungu vya saa havimgusi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, hivyo angalia nafasi yako kabla ya kupiga hesabu.) Kagua pia michango yako ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara si uthibitisho kwamba fedha zimefika kwenye Mfuko. Omba taarifa ya michango na uilinganishe na hati zako mwezi kwa mwezi.

Kisha tafuta daftari, ulitunze nyumbani, wala si kwenye kompyuta ya ofisi ambayo unaweza kunyang'anywa siku yoyote. Andika tarehe, saa, waliokuwepo na maneno yenyewe yalivyotamkwa. Ukiandika "bosi alinidhalilisha" umeandika hisia zako. Ukiandika alichosema, na kwamba mhasibu na mlinzi walikuwa mlangoni wakisikia, umeandika ushahidi. Tunza nakala za mkataba wako, hati za mshahara na barua zote ulizopewa, lakini usijitumie taarifa za wateja au siri za kampuni, maana hilo ni kosa watakalolishika kwa mikono miwili.

Agizo la mdomo mrudishie bosi kwa maandishi siku hiyo hiyo. Mimi niliwahi kumwandikia meneja: "Kama ulivyoelekeza leo saa tano asubuhi, nitaahirisha malipo ya mzabuni hadi Jumatatu. Tafadhali nirekebishe iwapo nimekuelewa vibaya." Hakujibu. Wiki tatu baadaye nilipewa barua ya kutakiwa kujieleza kuhusu malipo hayo hayo, nikaambatisha ile barua pepe, na suala halikutajwa tena.

Barua ya kutakiwa kujieleza usikatae kuipokea. Saini kwamba umeipokea, weka tarehe, kisha ujibu hoja kwa hoja bila matusi. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, una haki ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Wapo wanaofikishwa mahali pasipovumilika. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa sababu mwajiri amemfanyia mazingira yasiyostahimilika, na kuondoka huko kukahesabiwa kuwa ni kuachishwa. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako, na utaulizwa kama ulilalamika kwanza kwa maandishi. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu barua zao zinasema "nashukuru kwa ushirikiano mliouonyesha kwa kipindi chote", na baadaye wanataka msuluhishi aamini kwamba walisukumwa nje. Ukiondoka kwa sababu hiyo, itaje waziwazi ndani ya barua, pamoja na tarehe za malalamiko yako. Madai ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mwenye utumishi usiofika miezi sita hana kinga hiyo ya kuachishwa isivyo halali.

Ukiamua kuondoka kwa kawaida tu, tafuta kazi nyingine kwanza, kimya kimya, kisha toa notisi ya siku 28 ikiwa unalipwa kwa mwezi, au zaidi iwapo mkataba unasema hivyo. Dai cheti cha utumishi na malipo ya likizo ambayo hukuichukua. Makabidhiano yafanyike kwa orodha yenye nakala mbili zilizosainiwa, kuanzia kompyuta mpakato hadi ufunguo wa droo. Miezi minne baada ya kuondoka nilipigiwa simu kuulizwa kompyuta ya ofisi iko wapi. Niliwatumia picha ya ukurasa wenye namba ya kompyuta hiyo na saini ya meneja mwenyewe chini yake.