Kabla hujanunua msalaba wa ushujaa wa Bulgaria: mambo ya kuzingatia

Muuzaji akikwambia kipande alichonacho ni adimu, weka kwanza mazungumzo ya bei pembeni. Nishani isiyo ya kawaida haitambuliki na mtu asiyeijua ile ya kawaida, na hapo ndipo wakusanyaji wengi wapya wanapoliwa. Tenga wiki kadhaa uangalie picha za misalaba iliyo kwenye makumbusho, hasa Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kijeshi jijini Sofia, mpaka jicho lizoee umbo la simba, upana wa mikono ya msalaba na namna herufi zilivyopangwa.

Nishani yenyewe ilianzishwa mwaka 1880 na Alexander wa Battenberg, mtawala wa kwanza wa Bulgaria mpya. Ina matawi mawili, na kuyachanganya ni kosa la gharama. La maofisa ni nishani yenye enameli, yaani kioo cha rangi kilichochomwa juu ya madini, na madaraja yake yalikuja kuwa manne. La askari wa kawaida ni msalaba wa madini matupu usio na enameli, nao una madaraja manne: la kwanza na la pili rangi ya dhahabu, la tatu na la nne rangi ya fedha. Kumbuka hiyo tofauti ya rangi, nitairudia.

Halafu jifunze kusoma mwaka. Utakutana na 1879, 1915 na 1941. Mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka ambao askari alivishwa. 1879 ndio mwaka Alexander alipochaguliwa kuwa mtawala katika mji wa Tarnovo, kabla nishani haijaanzishwa. Msalaba wenye tarakimu hizo unaweza kuwa wa vita dhidi ya Serbia vya 1885, na unaweza pia kuwa wa Vita vya Balkani vya 1912 na 1913, zaidi ya miaka thelathini baada ya huo mwaka 1879. Kwa hiyo anayeuza "msalaba wa 1879" kwa bei ya juu eti kwa sababu ya ukongwe, ama hajui alichoshika au anajua kuwa wewe hujui.

Jifunze na herufi za Kisirili, angalau zinazohusika. Maandishi ni ЗА ХРАБРОСТЬ, yaani "kwa ushujaa". Tazama herufi ya mwisho, Ь. Haitamkwi, na Wabulgaria waliiondoa mwishoni mwa maneno katika mageuzi ya tahajia ya mwaka 1945. Ukiletewa msalaba unaodaiwa kuwa wa enzi ya wafalme na neno linaishia kwenye Т, dai maelezo mazito kabla hujaenda mbele. Fundi wa kisasa huandika lugha aliyofundishwa shuleni, na mkono wake humsaliti hapo.

Vifaa vya kuwa navyo ni vichache: lenzi ya kukuza mara kumi, mizani ya sonara, kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene) na taa ndogo ya urujuanimno. Lenzi ndiyo mama yao. Niliwahi kushika msalaba wa askari uliokuwa ukiuzwa kama daraja la pili, unang'aa dhahabu vizuri kabisa. Kwenye ncha ya mkono mmoja kulikuwa na mikwaruzo ya zamani, ile ya kusuguana na kitambaa na nishani nyingine kifuani. Chini ya lenzi, dhahabu ilikuwa imelala ndani ya mikwaruzo. Ingekuwa ya asili, mikwaruzo ingeikata dhahabu na kuonyesha madini ya chini. Huo ulikuwa msalaba wa rangi ya fedha uliochovywa dhahabu miaka mingi baada ya kuvaliwa. Niliumia, maana kama msalaba wa fedha ulikuwa halali na mzuri, na mtu ameuharibu kwa tamaa.

Angalia pia kama kipande kiligongwa kwa muhuri au kilisubiwa, yaani madini yaliyoyeyushwa yalimiminwa kwenye kalibu. Kilichogongwa kina kingo kali na uwanja laini kuzunguka simba. Kilichosubiwa kutokana na kipande halisi huwa na vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, manyoya ya simba yamelainika, na kwa kuwa madini husinyaa yanapopoa, kinatoka kidogo kuliko mama yake. Kalipa inakamata tofauti hiyo, ila lazima uwe na vipimo vya kipande kisicho na shaka vya kulinganisha. Enameli ya kweli ni kioo kilichochomwa: ni baridi, ngumu, na ikipasuka inapasuka kama kioo. Ikionekana laini kama rangi ya kucha, imetengenezwa au imezibwa upya.

Utepe ni wa bluu ya mawinguni wenye mistari ya fedha karibu na kingo, na Wabulgaria waliukunja pembetatu. Umulike kwa ile taa. Ukiwaka bluu-nyeupe, una nyuzi au sabuni za kisasa. Hilo halimhukumu msalaba, kwani tepe zilichakaa na kubadilishwa, lakini bei ya utepe wa asili usilipe.

Sasa vile vipande vya ajabu. Bulgaria ilipoingia vitani mwaka 1915 upande wa Ujerumani na Austria-Hungaria, maofisa wengi wa washirika wake walivishwa nishani ya ushujaa. Rubani Manfred von Richthofen ni mmoja wao, alipewa daraja la nne mwaka 1917. Wengine waliagiza nakala ya pili kwa masonara ili ile rasmi ibaki sandukuni. Ndiyo maana Ujerumani na Austria zinatokea nishani za Bulgaria zenye kazi tofauti kidogo, zilizoshonwa kwenye upau wa Kijerumani (kibao cha kupangia nishani kifuani) bila ule utepe wa pembetatu, nazo ni za kipindi chake kabisa. Usizitupe kwa sababu ni ngeni. Za kuogopa ni zile zilizounganishwa: kitovu cha toleo moja juu ya mikono ya toleo jingine. Tafuta lehemu mpya, skurubu iliyokwaruzwa, au ukoga unaoishia ghafla kwenye duara la katikati.

Kama kuna hati ya kutunukiwa, isome kwa kalenda sahihi. Bulgaria ilitumia kalenda ya zamani, ya Julius, mpaka Machi 1916, na ilikuwa nyuma kwa siku 13 katika karne ya ishirini, 12 katika karne ya kumi na tisa. Tarehe mbili zinazopishana hivyo zinaweza kuwa siku moja. Jina na kikosi vinaweza kuulizwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Historia ya Kijeshi iliyoko Veliko Tarnovo. Hati bila msalaba, au msalaba na hati ya mtu mwingine, ni vitu viwili vya bei mbili.

Ukinunua ndani ya Bulgaria, uliza kwanza kuhusu kibali cha kutoa kipande nchini, kwa kuwa Sheria ya Urithi wa Utamaduni ya 2009 inadhibiti usafirishaji wa vitu vya aina hiyo. Na popote unaponunua, muda wa kurudisha na jina kamili la kipande, daraja na mwaka wake, viandikwe kwenye risiti kabla pesa haijatoka mkononi.