Somo: Kwa nini mguu unaruka goti likigongwa, na namna ya kulijaribu wenyewe

Wakuu, naliandika somo hili ili swali likirudi niwaelekeze watu hapa. Swali lenyewe ni lilelile: "Ubongo unajuaje haraka hivyo kwamba goti limegongwa?" Haujui. Habari inapofika ubongoni, amri ya kurusha mguu imeshatolewa kwingine. Lakini pia si kweli kwamba ubongo haumo kabisa, na wanaosema hivyo wanapotosha wenzao. Mkilifanya jaribio hili mtaona mambo yote mawili. Wanahitajika watu wawili na meza imara.

Hatua ya 1. Anayejaribiwa akae ukingoni mwa meza, miguu ining'inie bila kugusa sakafu.

Hatua ya 2. Tafuta kano, yaani ule ukanda mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Papasa pia ya goti, kisha shuka chini yake kidogo kabla hujafika kwenye mfupa wa muundi. Mwambie anyooshe mguu kidogo: kano itakaza chini ya kidole chako. Halafu aushushe tena.

Hatua ya 3. Mguu ulegee. Someni hapa polepole, kwa sababu majaribio mengi yanaharibikia hapa. Mtu akijua anakaribia kugongwa hukaza mguu mzima bila kukusudia, na mguu uliokazwa mbele na nyuma hauna pa kwenda. Weka mkono wako juu ya paja lake. Ukiona ni gumu, usigonge. Muulize habari nyingine, asitazame goti. Ikishindikana, afumanye vidole vya mikono yake miwili, avute kama anayetaka kuviachanisha, na wewe ugonge wakati huohuo anapovuta. Mbinu hii inaitwa kwa jina la Ernő Jendrassik, daktari wa Hungaria wa karne ya 19, na madaktari wanaitumia hadi leo. Haimsahaulishi tu goti. Inaziamsha pia neva zinazoendesha miguu, zikawa tayari zaidi kuitikia.

Tahadhari: usigonge pia ya goti yenyewe, ni mfupa na utamuumiza bure. Nyundo ya fundi marufuku. Goti lililovimba, lenye jeraha au lililofanyiwa upasuaji liacheni. Na mguu usiporuka, usiongeze nguvu; rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4. Gonga kwa ubavu wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Mpigo uwe mfupi na mwepesi. Kinachohitajika ni kano kuvutwa ghafla, nguvu hazisaidii.

Hatua ya 5. Fuata ishara ilikopita. Kano ikigongwa inauvuta msuli mkubwa wa mbele ya paja. Ndani ya msuli huo mna vipokezi vidogo vinavyopima msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Vikishtuka, neva ya hisi inapeleka habari kwenye ugwe mgongo, ule mkanda wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni. Pale inakutana moja kwa moja na neva inayoamrisha msuli uleule. Kiungo ni kimoja tu, hakuna mtu wa kati. Amri inarudi, msuli unajikunja, mguu unaruka. Toka kugonga hadi msuli kuanza kuitikia ni takribani milisekunde 20. Mtu aliyeambiwa "ukiguswa tu, rusha mguu" anahitaji milisekunde 150 au zaidi, maana hapo habari lazima ipande ubongoni na amri ishuke.

Kuna upande wa pili unaosahaulika, nao ndio unaonifurahisha zaidi. Wakati msuli wa mbele unaamriwa kujikunja, misuli ya nyuma ya paja inaamriwa kuacha kuvuta. Bila hivyo ingeshindana na wa mbele. Amri hiyo ya kutulia hupitia neva moja ya katikati ndani ya ugwe. Aliyeuchambua sana mpango huu ni Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian.

Hatua ya 6. Rudia mguu wa pili. Tofauti baina ya kulia na kushoto ina maana kubwa kuliko mguu kuruka sana au kidogo.

MASWALI

Nimegonga mara kadhaa hakuna kitu. Nimepooza?
Hatua ya 3. Na kama ulijigonga mwenyewe huku ukitazama goti, anza upya na mtu wa pili.

Kama ni ugwe mgongo unaoamua, mbona nikikaza akili naweza kuuzuia mguu?
Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Ubongo hauanzishi refleksi hii, yaani itikio la mwili lisilosubiri uamuzi wako, lakini muda wote unateremsha ishara zinazoipunguza au kuikuza. Ndiyo maana baada ya kiharusi, ishara hizo zikikatika, refleksi za upande uliopooza baadaye huwa kali kupita kawaida. Daktari akiona goti linaruka mno upande mmoja, anaanza kufikiria ubongo au ugwe. Likikosa kuruka kabisa, anafikiria zaidi neva za mguuni au zinapotokea mgongoni.

Je, nikishika kitu cha moto ni hivyohivyo?
Ni jamaa yake, ila njia yake ni ndefu kidogo: kuna neva za katikati kati ya ile ya hisi na ile ya amri. Mkono unaanza kurudi kabla hujayatambua maumivu. Ukikanyaga msumari kuna la ziada: mguu mmoja unainuka, na mwingine unakaza ukubebe usianguke. Na hapa pia ubongo unaweza kuingilia, ndiyo maana mtu huvumilia chombo cha moto hadi akitue.

Mkuu mimi ni golikipa, nipe zoezi la kuongeza refleksi.
Kudaka mpira si refleksi, nimeshaeleza hatua ya 5. Umeuona, umeamua, umeruka. Hilo linanolewa kwa mazoezi. Mruko wa goti haujifunzwi.

Mzazi wangu ana kisukari. Daktari aligonga nyuma ya kifundo cha mguu, akaandika kwamba hakuna kitu. Nina wasiwasi.
Pole ndugu yangu. Hiyo ni refleksi ya kano ya kisigino. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kudhuru neva, na zile ndefu za miguuni huathirika mapema, hivyo refleksi hiyo inaweza kupotea. Kwa wazee wengine hupotea kwa umri tu. La kufanya: akague nyayo zake kila siku, maana ganzi inaficha vidonda, na mwulizeni daktari kuhusu kupima hisia za miguu.

Wa kwangu ni mchanga. Nikimkwaruza wayo, kidole gumba kinainuka na vingine vinatanuka. Kawaida?
Kwa umri huo ndiyo, hongera. Daktari Joseph Babinski aliieleza alama hii mwaka 1896. Njia za kutoka ubongoni bado hazijakomaa kwa mtoto. Zikikomaa, kwa kawaida kabla ya miaka miwili, vidole huanza kujikunja chini. Kwa mtu mzima, gumba kuinuka ni sababu ya kumwona daktari.

Ipo ya kujaribu bila kugongana?
Ipo. Katika chumba chenye giza kidogo, mmulike mwenzako jicho moja kwa tochi hafifu, kwa kupitia tu, huku ukitazama lile *lingine*. Mboni zote mbili zitasinyaa. Ishara hii haiendi kwenye ugwe, inapita shina la ubongo, ile sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na ugwe, na ndiyo maana mgonjwa aliyezimia humulikwa macho mapema.

Nimemulika, mboni yangu imebaki kubwa.
Ulitumia matone ya macho? Jibu hilo kwanza. Kama mboni moja ni kubwa kuliko nyingine na hali hiyo imeanza ghafla, au kichwa kinauma sana, nenda hospitali sasa, usisubiri majibu ya hapa.