Somo: Kuanzisha darasa la kisukari mtaani, hapa Lamu

Assalaam aleikum wanachama. Wengi mmeuliza mtaanzaje darasa la kisukari mtaani kwenu. Kliniki ni dakika chache, kisha mgonjwa anarudi nyumbani kwenye mahamri na wali wa nazi, na huko ndiko anakohitaji msaada.

Hatua ya 1: Mahali. Tumieni pale watu wanapokutana tayari: chumba cha madrasa baada ya alasiri, au daka la nyumba kubwa. Wanawake na wanaume wakipenda kukaa mbalimbali, wekeni siku mbili. Mzee asiyeweza kutembea apelekewe punda.

Hatua ya 2: Mtaalamu. Mwendeeni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Mwaka 2023 serikali iliwagawia wahudumu hawa vifaa, mashine ya sukari na ya presha zikiwemo. Yeye atawaunganisha na muuguzi na mtu wa lishe. Stripu za mashine, vile vijikaratasi vya kutilia tone la damu, huisha upesi, kwa hiyo changeni mapema.

Hatua ya 3: Kupima. Aliyepima asubuhi kabla ya kula akapata 7.0 au zaidi (namba zote za sukari hapa ni za mmol/L) aende hospitali athibitishwe; msimwambie "una kisukari" hapo hapo. Namba iandikwe kwenye daftari lake mwenyewe, isisomwe mbele za watu. Mtu akiaibishwa mara moja harudi tena.

Hatua ya 4: Sinia. Hapa ndipo nawaomba mtulie, maana karatasi nyingi za lishe huchora sahani ya mtu mmoja, na sisi tunakula pamoja. Pikeni siku ya darasa. Pakueni wali kama mnavyopakua kila siku, kisha mgonjwa atoe sehemu yake kwenye sahani yake kabla wenzake hawajaanza: nusu ya sahani mchicha au kachumbari, robo wali, robo samaki. Mwacheni aione kwa macho yake. Wengi hushtuka robo ya wali ilivyo ndogo, na ndipo maswali ya kweli huanza. Mwiteni pia anayepika nyumbani, awe mke, binti au mkwe. Kumfundisha mgonjwa peke yake ni kumwachia ugomvi wa jikoni.

Hatua ya 5: Miguu. Kisukari hutia miguu ganzi, mtu akachomwa na kipande cha chupa ufukoni asisikie. Kila mmoja avue makubadhi, atazame nyayo kwa kioo. Baada ya udhu kausheni katikati ya vidole, maana unyevu ukibaki hapo mara tano kwa siku ngozi hupasuka na vijidudu huingia. Kidonda, hata kidogo, kisingojee wiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Matondoni): Dada, mamangu anadunga insulini na friji hatuna. Tufanyeje?

Jibu: Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ombeni zahanati au jirani mwenye friji awawekee. Iliyofunguliwa, nyingi hudumu kama siku 28 nje ya joto kali. Someni karatasi yake. Iwekeni kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya chungu kidogo kilichokaa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini penye upepo. Isiguse barafu. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena.

Swali (Shela): Mume wangu hutetemeka na kutoka jasho akichelewa kula. Nimpe dawa?

Jibu: La, shoga, usimpe dawa ya sukari hapo. Mpime, ikiwa chini ya 4, au huna mashine, mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15, upime tena. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Swali (Langoni): Ramadhani je? Babangu hataki kusikia habari ya kula mchana.

Jibu: Mpeleke kwa daktari mwezi wa Rajabu, dawa zipangwe upya kwa wakati. Wanaodunga insulini wako katika hatari zaidi. Kuchoma kidole kupima hakuvunji saumu, maulamaa wengi wamelisema. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, afungue. Mwombe imamu wa msikiti wenu aje darasani amwambie, kwa kuwa kwa imamu atasikia zaidi ya kwako au kwangu.