SOMO: Jinsi ya kulisoma deraya la matairi, anza na mlango

Wakuu habari za leo, nashusha lile somo nililoahidi. Wengi wakiona gari la jeshi lina matairi manane wanasema kifaru, hapana, kifaru kina minyororo na kazi yake ni mzinga, hili ni deraya la kubebea askari, kazi yake ni kuwafikisha wazima na kuwashusha wazima. Mimi fundi wa maroli hapa Unga Limited Arusha, kila gari naliangalia kigereji, na hili usianze na bunduki, anza na mlango.

Hatua ya 1: injini iko wapi? Hapo ndo mlango unapoamuliwa. BTR-60 ya Wasovieti ina injini mbili za petroli nyuma, kila moja inasukuma ekseli mbili, ikifa moja nyingine inalisogeza gari, safi, ila nyuma pameshajaa kwa hiyo askari wengi wanatokea kwenye vifuniko vya juu, yaani unasimama kwenye paa na risasi zinapita! BTR-70 wakatoboa kimlango ubavuni kati ya tairi la pili na la tatu, unatoka kwa kujikunja. BTR-80 wakaja na injini moja ya dizeli V8, hosipawa 260, na mlango wa ubavuni wakaukata vipande viwili, cha juu kinafunguka kuelekea mbele, cha chini kinalala kinakuwa kidaraja cha kukanyagia, askari anaweza kushuka gari likiwa linatembea. Hicho kipande cha chini mimi nakithamini kuliko bunduki yake ya milimita 14.5. Stryker ya Marekani injini wameiweka mbele kulia, dereva kushoto, nyuma pamebaki peupe, mlango mzima unashuka kama wa fuso la ng'ombe na askari 9 wanatoka wakiwa wamekingwa na gari lenyewe.

Hatua ya 2: angalia mabati yalivyolala. Chukua ndizi ikate wima, nyingine ikate mshazari, ule wa mshazari kisu kimepita kwenye nyama ndefu zaidi. Ndo hivyo hivyo, chuma cha milimita 10 kikilazwa nyuzi 60 kutoka wima, risasi inayokuja mlalo inakutana na milimita 20, na unene wa bati lenyewe haujaongezeka.

Hatua ya 3: inama uone tumbo. Casspir ya Afrika Kusini tumbo lake ni V kama mkuku wa jahazi, bomu la ardhini likilipuka nguvu inatawanyika pembeni badala ya kugonga sakafu bapa. Gharama yake gari linakuwa refu kwenda juu, kwenye kona kali dereva awe na adabu.

Hatua ya 4: matairi. Madereva wa safari mnajua, ukiingia kwenye udongo mweusi unashuka unapunguza upepo, ukirudi lami unatafuta pampu. BTR dereva anafanya hayo yote akiwa amekaa kwenye siti, mipira ya upepo inafika mpaka kwenye kila tairi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Moshi: Fundi, risasi ikitoboa tairi si safari imeisha?
Jibu: Hapana kaka, tundu dogo pampu inaendelea kujaza huku unatembea. Na yako manane, moja likiharibika kabisa yaliyobaki yanabeba.

Mdau: Kwa nini wasiweke minyororo tu?
Jibu: Kwenye matope mazito minyororo inashinda, sikatai. Ila BTR-80 kwenye lami inagonga kilomita 80 kwa saa, haichimbui barabara, na spea za matairi ni rahisi kuliko minyororo.

Dada wa Usa River: Naskia linaogelea, kweli?
Jibu: Kweli dada. BTR-80 nyuma ina propela ndani ya bomba, inavuta maji inayasukuma nyuma, kama kilomita 9 hivi kwa saa. Kabla ya kuingia dereva anainua lile bamba la mbele ili maji yasipande juu ya pua na kumziba macho.