Filamu za Kale za Kijerumani: Kagua Nakala Kabla ya Kubonyeza

Katika Nosferatu ya F. W. Murnau, iliyotoka mwaka 1922, kuna mahali mnyonya damu anapita mitaani akiwa na jeneza lake kwapani. Huyu ni kiumbe anayeuawa na jua, lakini katika nakala nyingi zinazozagaa mtandaoni anatembea mchana kweupe. Murnau hana kosa hapo. Enzi hizo ilikuwa vigumu mno kupiga picha za nje usiku, kwa hiyo matukio ya usiku yalipigwa mchana kisha ukanda ukatiwa rangi: buluu kwa usiku, njano kwa ndani penye taa, waridi kwa alfajiri. Aliyenakili filamu hiyo kwa nyeusi na nyeupe tupu aliifuta rangi na akaufuta usiku pamoja nayo. Mwisho wa filamu, ambao wote unategemea kupambazuka, hauna maana tena.

Ndiyo maana kwa filamu za Kijerumani za kale, hasa filamu bubu (zisizo na sauti), nakala huchaguliwa kwa makini kuliko hata filamu yenyewe. Wengi wanaosema filamu hizi zinachosha walitazama mabaki yake tu.

Anza na muda. Caligari ya Robert Wiene (1920) iliyokarabatiwa ina dakika 77 hivi, Nosferatu 94, M ya Fritz Lang (1931) kama 110, na Metropolis (1927) karibu 150. Ukikuta nakala fupi, usihukumu papo hapo, kwa sababu upungufu una vyanzo vitatu. Kwanza, huenda imekatwa. Pili, huenda imeharakishwa: fremu (picha moja moja za ukanda) 18 kwa sekunde zikipitishwa kwa 24, dakika 90 zinakuwa 67 na nusu, na watu wanakimbiakimbia skrini nzima kana kwamba wanafukuzwa. Hiyo iache. Tatu, huenda ni diski iliyotengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa Ulaya wa fremu 25, ambapo filamu ya dakika 100 huisha kwa 96. Pungufu hilo la asilimia 4 halina hasara, hakuna kilichokatwa.

Kisha tazama mwanzo wa filamu. Nakala nzuri hutaja waliokarabati na kanda walizotumia. Jina la Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, taasisi ya Wiesbaden inayotunza sehemu kubwa ya urithi huu, ni dalili njema. Kwa filamu bubu, soma pia jina la mtunzi wa muziki. Gottfried Huppertz aliitungia Metropolis muziki wake, na nakala yenye muziki huo huenda sambamba na picha hatua kwa hatua. Nakala ovyo hubandikwa muziki wowote uliopatikana. Ukiangukia hiyo na huna nyingine, zima sauti kabisa.

Metropolis yenyewe inahitaji maelezo zaidi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927, na haukupita muda ikakatwa vibaya kwa ajili ya soko la Marekani, kisha na Ujerumani kwenyewe. Kilichoondolewa ni kiini cha uadui: mwanamke aitwaye Hel, ambaye mvumbuzi Rotwang alimpenda, akaolewa na mtawala wa mji, akafa akijifungua mtoto wao. Bila yeye, Rotwang anaunda mashine yenye umbo la mwanamke bila sababu inayoeleweka, na mtazamaji anabaki na majengo makubwa tu. Mwaka 2008 nakala karibu kamili ilipatikana Buenos Aires, kwenye ukanda mwembamba wa milimita 16, na toleo lililounganishwa likatoka mwaka 2010. Sehemu zilizorudishwa utazitambua mara moja, kwani zimejaa mikwaruzo na fremu yake ina ukingo mweusi. Usidhani diski ni mbovu. Toleo la 2001, lenye dakika 124 hivi, ni safi kwa macho lakini linaeleza kwa maandishi mambo ambayo sasa unaweza kuyaona. Chukua la 2010.

Hata hivyo, usianzie Metropolis. Anza na M. Ina sauti, ni kisa cha msako wa muuaji wa watoto, na kasi yake haimwachi mtazamaji wa leo nyuma. Polisi wanamsaka, wahalifu wa mji nao wanamsaka kwa sababu misako inaharibu shughuli zao, na Lang anakata kutoka kikao kimoja hadi kingine hadi huwezi kuwatofautisha. Haina muziki wa kusindikiza. Kuna mluzi tu, wimbo wa mtunzi Grieg ambao muuaji hupiga, na ndio unaomponza mbele ya kipofu muuza maputo. Mahali ambapo sauti inakatika kabisa pamekusudiwa, kwa hiyo usiguse spika. Baada ya M, nenda Nosferatu, kisha Der letzte Mann (1924), ambamo mpiga picha Karl Freund aliifungua kamera kutoka kwenye miguu yake ikatembea na bawabu wa hoteli, na hadithi nzima inasimulika karibu bila kadi za maneno, yale maandishi yanayokatiza picha katika filamu bubu. Caligari, yenye kuta zilizopinda na vivuli vilivyochorwa kwa rangi, huonekana vizuri zaidi jicho likishazoea. Ukiwa na watoto, weka Prinz Achmed ya Lotte Reiniger (1926), vivuli vya karatasi vilivyokatwa kwa mkasi, dakika 65 hivi.

Sasa runinga. Zima kipengele cha kulainisha mwendo, kwani huzigeuza filamu kuwa kama taarifa ya habari. Weka ukubwa wa picha kwenye hali ya asili. Filamu bubu zina umbo la karibu mraba, na M ni nyembamba zaidi, 1.19 kwa 1. Ukiitanua ijaze skrini, vichwa vinakatwa au nyuso zinavimba. Mistari myeusi kandoni ivumilie.

Manukuu, yaani tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, yakienda kombo, pima kwanza. Kama yamechelewa sekunde 2 mwanzoni na 2 zile zile mwishoni, yasogeze tu. Katika VLC, programu ya kuchezea video, kwenye Windows, herufi H huyachelewesha na G huyawahisha, milisekunde 50 kila mbofyo. Kama pengo linazidi kukua, manukuu yametengenezwa kwa fremu 25 na filamu yako ni ya 24, au kinyume chake. Hapo kusogeza hakusaidii, tafuta manukuu ya toleo lako. Na chagua sauti ya Kijerumani. Der blaue Engel (1930) ilipigwa kwa Kijerumani na Kiingereza kwa wakati mmoja, na katika ile ya Kiingereza waigizaji wanahangaika na lugha. Ajabu ni Aguirre ya Werner Herzog (1972): waigizaji walizungumza Kiingereza huko Peru, kisha Kijerumani kikaingizwa studio, kwa hiyo midomo haitalingana na maneno hata ukipata nakala bora kuliko zote.

Za 1933 hadi 1945 ziache kwa sasa. Baadhi ya filamu za propaganda za Wanazi bado huonyeshwa Ujerumani kwa masharti tu, pakiwa na utangulizi na mjadala, na sababu yake ni ya msingi. Ruka hadi Die Mörder sind unter uns (1946) ya Wolfgang Staudte, iliyopigwa Berlin penye magofu halisi. Kutoka Ujerumani Mashariki usiikose Spur der Steine (1966), iliyoondolewa kumbini baada ya siku chache na kurudi mwaka 1989. Upande wa Magharibi, chukua Angst essen Seele auf ya Fassbinder (1974), fupi na kali. Der Himmel über Berlin ya Wim Wenders (1987) huruka kati ya nyeusi na nyeupe, ambayo ni macho ya malaika, na rangi, ambayo ni macho ya binadamu, kwa hiyo usirekebishe rangi za runinga katikati.

Das Boot (1981), kisa cha nyambizi ya kivita, ina matoleo matatu: la sinema dakika 149, la mwongozaji dakika 209 lililotoka 1997, na la televisheni la saa 5 hivi. La 209 ndilo lenye uwiano mzuri. Zima hali ya usiku ya sauti, inayosawazisha kelele na minong'ono. Kwenye nyambizi ile, adui husikika kwa mbali sana kabla ya bomu, na ukisawazisha hutamsikia akija.